Je, Ilinyesha Usiku Ule?

Riwaya yangu inaanza na mvua. Huu ni mwaka wa pili inaanza na mvua, na bado haijavuka ukurasa wa 30, kwa sababu kila nikifika hapo narudi mwanzo kujiuliza kama mvua ile ilinyesha kweli au Bibi aliitunga.

Washikaji wa kijiweni kwetu hapa Biharamulo mjini, wale wachache wasiocheka mtu akisema anaandika, wameniambia mara nyingi: "We nyeshesha tu, bwana. Riwaya ni uongo, nani atakudai risiti?" Ni kweli. Kwenye hadithi nyingine nimeshanyeshesha mvua nyingi tu ambazo hazikuwapo. Lakini hii ndugu msomaji si mvua ya kupamba ukurasa, na ukinivumilia kidogo utaona kwa nini.

Nyumba ya Bibi iko wilaya ya Ngara, hatua chache kutoka barabara inayotoka Rusumo. Kijiji sikitaji, Mama amenikataza. Alhamisi tarehe 28 Aprili 1994 watu wakaanza kumiminika kutoka Rwanda kupitia daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, na kwa muda wa kama saa 24 hivi walivuka watu wapatao 250,000. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilisema halijawahi kuona watu wengi namna ile wakikimbia kwa muda mfupi namna ile. Pale mpakani askari wetu waliwanyang'anya silaha, mapanga yakalala chungu nzima kando ya daraja. Chini yake mto ulikuwa unashusha maiti tangu siku za nyuma. Kwa hiyo hofu ya watu wa kwetu haikuwa ya kijinga. Anayepiga hodi usiku ule angeweza kuwa mama aliyekimbia na roho yake, na angeweza kuwa mtu aliyetoka kuua mama wa namna hiyo.

Bibi alikuwa ndani na watoto wake watatu. Babu alikuwa safarini. Mama yangu ndiye aliyekuwa mkubwa, ana miaka 12.

Walipiga hodi. Hapo Bibi na Mama wanakubaliana. Wanapoachana ni baada ya hapo. Bibi husema hakusikia kitu cha maana, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga bati kama kokoto. Alisikia tu kama kitu kinagonga, akadhani ni upepo, na asubuhi ndipo walipogundua kuwa watu walipita. Nimeisikia habari hiyo tangu niko mdogo, na kila mara mvua yake inazidi kuwa kubwa. Mama husema hakukuwa na mvua. Anasema walisikia kila neno, na walielewa kila neno, maana sisi ni Wahangaza, na Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu. Alikuwa mwanamke, na alikuwa na mtoto anayekohoa. Asubuhi hawakuwapo. Barazani ilibaki ngata ya majani ya migomba, ile ya kujitwishia mzigo.

"Ngata ilikuwa kavu, mwanangu," Mama aliniambia siku moja tukiwa tunamenya ndizi, wala hakuniangalia.

Unaona sasa? Kama mvua ilinyesha, Bibi hakusikia. Kama haikunyesha, alisikia. (Na ngata haithibitishi kitu, nilishamwambia Mama hivyo: barazani mvua haifiki. Alinyamaza.)

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Mimi nauza dawati la mbele kwenye steshenari moja hapa mjini: kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kazi ikipungua najifunza kuandika programu. Hakuna aliyenipeleka chuo, kidato cha nne ndipo nilipoishia, ila kompyuta ipo, umeme ukiwepo, na bando nanunua mwenyewe. Niko kwenye lugha iitwayo PHP, aliyoitoa jamaa mmoja, Rasmus Lerdorf, mwaka 1995. Ni lugha ya zamani kidogo, wajuaji wanaicheka. Mimi inanitosha.

Ukifungua tovuti kwenye simu yako, simu inatuma barua fupi kwa kompyuta nyingine iliyo mbali, ile inayoitwa seva, ikisema nipe ukurasa fulani. Seva ikijibu, wewe unaona picha na rangi. Skripti inafanya hayo hayo, ila haina shida na picha wala rangi. Inataka habari tupu, namba na maneno, iyakate na kuyapanga itakavyo. Kwenye PHP kuna amri iitwayo file_get_contents, kazi yake kusoma faili. Ukiipa jina la faili lililomo humo ndani ya kompyuta, inalisoma. Ukiipa anwani ya seva iliyoko ng'ambo ya bahari, inaisoma vile vile, kama vile Marekani iko chumba cha pili. Siku nilipoona hilo nilisimama na kuanza kutembeatembea dukani, mteja akaniuliza kama nimepokea msiba.

Seva niliyoitaka ni ya NASA. Hao hawaendi mwezini tu. Wana kituo chao cha utafiti cha Langley, mji wa Hampton, Virginia, na hapo kuna mradi uitwao POWER unaogawa bure habari za hali ya hewa ya mahali popote duniani, siku kwa siku, tangu mwaka 1981. Joto, upepo, unyevu, jua. Na mvua. Unatunga anwani moja ndefu: mwanzo jina la seva, kisha alama ya kuuliza, kisha maombi yako moja baada ya jingine. Longitudo ya mahali. Latitudo yake. Tarehe ya kuanzia, tarehe ya kuishia. Na jina la kitu unachotaka, ambalo kwa mvua ni neno baya kutamka, PRECTOTCORR. Jibu linarudi kama maandishi yaliyofungwa ndani ya mabano ya mkunjo, boksi ndani ya boksi, na ndani kabisa iko tarehe na mbele yake namba ya milimita.

Kwa hiyo mimi, mjukuu, nilikuwa na uwezo wa kukaa Biharamulo na kuiuliza seva ya Virginia kama Bibi yangu ni mwongo.

Nilikaa wiki nzima bila kuiuliza.

Nilipoanza, ilinikataa. Nikatuma, ikarudi kauli ya hitilafu kwamba cheti cha usalama cha seva hakikubaliki. Nikabadilisha mistari, nikatuma tena, hola. Nikatafuta siku mbili. Kumbe tatizo lilikuwa saa. Kompyuta yetu ile ya mezani ni nzee, betri yake bapa ya kwenye mazabodi imekufa, na kila umeme ukikatika inaamka ikiamini ni tarehe 1 Januari 2009. Seva inapotoa cheti chake, kompyuta inatazama tarehe: cheti hiki kinaanza kutumika miaka mingi ijayo, huyu ni tapeli! Na mlango unafungwa. Ni kompyuta yangu iliyokuwa inakataa, si seva. Nikanunua betri, nikasahihisha tarehe, tukaelewana.

Jibu la kwanza likaja. Mvua nzuri tu, nikafurahi, Bibi ameokoka. Kabla sijafunga duka nikatazama tena ile anwani niliyoitunga na kuona nimeandika latitudo 2.38 bila alama ya kutoa. Sisi tuko kusini ya ikweta. Rusumo ni -2.38. Bila kile kistari kidogo nilikuwa nimeuliza mvua ya Ituri, Kongo, umbali wa zaidi ya kilometa 500 kutoka mlango wa Bibi. Nilichoka. Hebu fikiria ningeandika sura nzima kwa mvua ya watu wa Ituri.

Lakini kabla sijasahihisha kistari, niseme jambo moja kuhusu hodi, maana ndilo lililonikaa kichwani usiku huo kuliko hata mvua. Skripti inapoenda kwenye seva inapiga hodi, na seva ina namba za kujibu. 200 maana yake karibu, ingia. 404 ni kwamba unachokitafuta hapa hakipo. 403 ni kwamba nimekusikia, nimekuelewa, na sikufungulii. 429 unaambiwa umegonga mno, nenda kapumzike. 500 na kuendelea ni matatizo ya mwenye nyumba mwenyewe. Yote hayo ni majibu, hata yale mabaya. Kibaya zaidi ni pale usipojibiwa chochote. Hapo hujui kama ndani hakuna mtu, au yuko amelala, au amesimama nyuma ya mlango ameshika pumzi. Skripti haiwezi kujua tofauti. Kwa sababu hiyo ukitumia chombo kiitwacho cURL unatakiwa uandike mwenyewe itasubiri sekunde ngapi kabla haijakata tamaa. Wengi wanaandika 30. Niliandika 30, halafu nikakaa naitazama ile namba.

Basi nikaweka kistari.

Jibu lilikuja chini ya sekunde tatu. Tarehe 28, namba yake. Tarehe 29, namba yake. Na namba hizo, msomaji wangu, sitaziandika hapa. Najua utaniona nazuga. Sababu ninayo, na ni ya kikompyuta kabisa. Namba ya mvua ya POWER kwa mwaka kama ule haikupimwa na mtu aliyesimama Rusumo na chupa ya kupimia. Imetoka kwenye hesabu kubwa inayochanganya vipimo vya setilaiti, vya vituo vya ardhini na kanuni za namna hewa inavyosafiri, na inaigawa dunia vipande vya digrii 0.5 kwa 0.625. Kwa huku kwetu, karibu na ikweta, kipande kimoja ni kama kilometa 55 kwenda juu na karibu 70 kwenda pembeni. Nikachora kipande chetu kwenye ramani. Rusumo imo. Ngara mjini imo. Benaco imo. Sehemu ya Rwanda imo, ncha ya Burundi imo, hata pale mipaka ya nchi tatu inapokutana pamo. Namba moja kwa watu wote hao na vilima vyote hivyo. Wewe unayeishi Kagera unajua mvua ya kwetu: inanyesha kwa jirani, kwako unaanua nguo kwa wasiwasi tu. Nikiichapa ile namba, mtu ataishika kama hukumu, na haikuwa hukumu.

Kisha kuna mambo ya siku. Kwa seva ile, siku inaanza na kuisha usiku wa manane, kwa kufuata jua la mahali. Lakini jambo la kwetu lilitokea usiku, nao usiku ule umekatwa katikati, nusu yake uko kwenye tarehe 28 na nusu kwenye 29. Sisi tunasema usiku wa kuamkia tarehe 29, tunaufungia usiku mzima kwenye siku inayokuja. Mvua ya saa tisa mchana tarehe 28, ambayo haihusiki na mlango wa mtu yeyote, imo kwenye jumla ile ile na mvua ya saa nne usiku. Nikasema basi nichukue za saa kwa saa. Zipo, lakini zinaanzia mwaka 2001.

Nilimwambia Mama kwenye simu kwamba mashine haijui. Akacheka kidogo. Akasema, "Sasa mashine iliyokuwa Marekani ingejuaje, wakati sisi tuliokuwa ndani tunabishana?"

Halafu akaanza kunihadithia kitu kingine, na hii ndiyo faida ya kumpigia Mama. Akasema enzi zao habari za mbali zilichukuliwa kwa mdomo na karatasi. Benaco, jina la kampuni iliyokuwa imejenga barabara, likageuka jina la kambi, na kambi ikageuka mji, watu wakawa wanasema ni mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Ndani ya mji ule karibu kila mtu alikuwa anamtafuta mtu. Msalaba Mwekundu walikuwa na fomu zao. Unaandika jina la unayemtafuta, la baba yake, la mama yake, alikotoka, kisha unaandika habari za familia tu, kwa karatasi isiyofungwa, kila anayeipitisha aweze kuisoma. Karatasi inazunguka kambi, inavuka mipaka, na baada ya wiki au miezi inarudi na jibu, au inarudi ilivyokwenda. Mwaka huo huo wa 1994 BBC wakaanzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi kwa ajili ya watu waliopotezana. Kipindi kikaitwa Gahuzamiryango, yaani mwenye kuunganisha familia. Mwaka 1995 hapo hapo Ngara shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera, na kwizera ni tumaini. Mama anasema jioni mtaa mzima ulikuwa kimya kwa ajili ya redio, hata wenyeji ambao hawakupoteza mtu.

"Na mimi nilikuwa nasikiliza," akasema. "Nilikuwa nangoja waseme, anatafutwa mama mwenye mtoto anayekohoa."

Sikujua hilo. Miaka yote hiyo sikujua. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliambiwa warudi kwao kabla mwaka haujaisha, wakarudi, barabara ikajaa tena kwa upande wa pili, na Mama, akiwa na miaka 14, alisimama kando ya barabara siku tatu akiangalia watoto.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa kwa bosi, nikapanda haisi hadi Lusahunga, nikangoja gari lingine, tukapita Nyakahura, tukaingia Ngara na vilima vyake. Malori ya Kigali na Bujumbura yamejaa barabarani. Rusumo siku hizi kuna daraja jipya lililofunguliwa rasmi mwaka 2016, na chini yake umeme wa maporomoko unaogawanywa nchi tatu. Nilikuwa nimebeba sukari, sabuni, na swali moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko Biharamulo hawali?"

Tukala. Nikamweleza kazi yangu ya kompyuta, maana huwa anauliza na husahau. Nikamwambia kuna mashine Marekani, ukiiuliza mvua ya siku yoyote inakujibu.

"Ya huku?"

"Ya huku, Bibi."

"Wazungu wanajua mvua ya huku?"

"Wanakisia. Wanakisia kwa hesabu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka 1981."

Akasikitika. Alitaka kujua kuhusu siku ya harusi yake, ambayo ilikuwa zamani zaidi, na ambayo anasema mvua iliharibu pombe ya ndizi ya watu wote. Nikamwambia huko nyuma mashine haina kitu. Akafikiri kidogo, akipangusa goti lake kama kuna vumbi.

"Na mwezi je? Mwezi wanaujua?"

"Mwezi wanaujua vizuri, Bibi. Mwezi haukisiwi."

"Maana siku ile mwezi ulichelewa," akasema.

Sikuuliza siku ipi. Nilikuwa nimekuja kuuliza, nimeandaa maneno njia nzima kutoka Lusahunga, na sasa mdomo ulikuwa mzito.

"Ulichelewa sana. Nilikuwa nimesimama pale," akaonyesha mlango, ule ule wa mbao, umepakwa rangi mara mbili tangu hapo, "nikawa nasema, mwezi ukitoka wataona migomba yangu, wataingia shambani, wataona na njia ya nyuma. Ukatoka. Kwenye ule upenyo wa ubao wa pili. Mwekundu. Ukanipiga jichoni."

"Walikuwa bado wanapiga hodi?"

"Walikuwa wameacha. Walikuwa wamekaa hapo barazani. Yule mdogo alikuwa amelala, maana hakukohoa tena."

Kisha akaniambia nimletee maji, siyo ya mtungi, yale ya ndoo, na nilipomletea akaanza kuzungumza habari za jirani aliyeuza ng'ombe kwa hasara. Mvua hakuitaja, na mimi sikuitaja.

Niliporudi dukani niliuandika mwezi. Hapo hapahitaji seva. Mwendo wa mwezi unajulikana kwa hesabu, nyuma na mbele, karne na karne. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 25 Aprili 1994. Kuanzia hapo kila siku unachelewa kutoka kwa kama dakika 50 au saa moja. Tarehe 28 ulichomoza kati ya saa tatu na saa nne usiku, bado mkubwa, umepungua upande mmoja tu. Mlango wa Bibi unatazama mashariki.

Najua unachotaka kuniambia, kwa sababu na mimi nimejiambia. Mvua inaweza kunyesha jioni, ikapiga bati kama kokoto, ikakatika, na mwezi ukatoka ukiwa mwekundu. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli. Kweli kabisa. Labda ilinyesha. Sitaki tena kujua, na ile skripti nimeiacha kwenye kompyuta ya duka ikitumika kwa kazi nyingine: mkulima mmoja wa Nyakahura anataka mvua za miaka kumi iliyopita kwa ajili ya shamba lake la mahindi, nimemtoza elfu tano, na nimemweleza habari ya vile vipande vikubwa ili asije akanilaumu.

Ukurasa wa kwanza wa riwaya nimeuchana. Bado sijaandika mwingine. Nikianza na mwezi, nitalazimika kuandika mwanamke amesimama nyuma ya mlango, na nitalazimika kukaa naye pale kwa muda wote aliokaa, ambao ni kati ya giza kuingia na saa nne kasoro, na sijui kama naweza kuandika saa tatu za mtu asiyefungua mlango, bila kumsingizia na bila kumtetea. Aliyewahi kuandika kitu cha namna hiyo anisaidie.

Mama nilimpigia Jumapili usiku. Nilimwambia yote, na mwezi, na upenyo wa ubao wa pili. Kwenye simu kukawa kimya, nikadhani salio limekata, nikaanza kusema haloo, haloo.

"Nipo," akasema. "Mimi nilidhani alikuwa kitandani na sisi. Mimi nilikuwa nimemshika mdogo wangu mdomo."

"Alikuwa mlangoni, Mama."

"Muda wote?"

"Nadhani muda wote."

Akakaa kidogo. Kisha akaniuliza kama huku Biharamulo umeme umerudi, na kama nimekula.